Marejea kati ya miparachichi: usiache maharage

Swali: "Mimi ni mkulima wa Kilolo, Iringa. Nina ekari moja ya parachichi aina ya Hass, miti 80, iko mwaka wa tatu na bado midogo. Shamba liko mteremkoni, na chini yake kuna kijito tunakolimia vinyungu, yaani bustani za bondeni. Kila msimu nalima maharage katikati ya miti. Bwana shamba ameniambia niachane na maharage, nipande marejea na kuifukia iwe mbolea ya kijani, ili nipunguze mbolea ya dukani na kutunza mazingira. Shemeji yangu anasema marejea itanyang'anyana chakula na miti, halafu nitakosa hela ya ada. Nimsikilize nani?"

Kamwene, dada. Nianze na jibu lenyewe: maharage usiyaache. Marejea ipande, lakini iyafuate maharage, isichukue nafasi yake. Na usiifukie.

Bwana shamba hajakudanganya kuhusu marejea. Ni mmea wa jamii ya kunde, na kwenye mizizi yake kuna vinundu vinavyokaliwa na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Huku kusini haukuanza kujulikana jana. Watawa Wabenediktini wa Peramiho, kule Songea, waliueneza miaka mingi iliyopita, na wazee wengi wa Ruvuma wanaukumbuka kwenye mashamba ya mahindi. Tatizo liko hapo hapo: ushauri uliopewa ni wa shamba la mahindi. Shamba la miti lina hesabu yake.

Tuanze na hela, maana ndiko shemeji yako alikolenga.

Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba miti 82 hivi, kwa hiyo bila shaka ndivyo ulivyopanda. Ukiacha mita moja kila upande wa mstari wa miti, katika kila mita 7 unabakiwa na 5 za kulima. Hiyo ni kama mita za mraba 2,900 kati ya zaidi kidogo ya 4,000 za ekari nzima. Marejea iliyopandwa mwanzo wa mvua na kustawi vizuri tuikadirie tani 4 hadi 6 za majani makavu kwa hekta. Kwenye eneo lako hizo ni tani 1.2 hadi 1.7. Katika kila kilo 100 za majani hayo, naitrojeni ni kilo mbili na nusu hivi. Kwa hiyo utakuwa umeangusha chini kilo 30 hadi 43 za naitrojeni.

Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari na kushangilia. Usifunge bado. Si naitrojeni yote hiyo iliyotoka hewani. Sehemu yake marejea imeifyonza kwenye udongo wako mwenyewe, kisha inaurudishia. Ukichukulia kwamba nusu hadi theluthi mbili ndiyo iliyotoka hewani, faida halisi ya shamba ni kilo 15 hadi 28. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa kuwa yurea ni asilimia 46. Maana yake, ekari yako ikifunikwa marejea msimu mzima inakupa mfuko mmoja wa yurea, pengine pungufu, pengine ukapita kidogo.

Sasa weka maharage kwenye eneo hilo hilo. Tusijisifu, tuseme unavuna kilo 200. Ukiuza kilo kwa shilingi 2,000, hizo ni 400,000 kabla ya kutoa gharama. Mfuko wa yurea tuuweke 70,000. Weka bei za kwako unazozijua. Nimeweka hizi ili tuone uzito tu. Hata ukitoa mbegu, dawa na vibarua, maharage yanashinda kwa mbali, tena yanashinda katika miaka ambayo miti bado haijakulipa chochote. Kwa hiyo kwenye suala la ada, shemeji yako yuko sawa. Anayekuambia uache zao linalolisha nyumba ili upate thamani ya mfuko mmoja wa mbolea hajakaa na wewe mezani kupiga hesabu.

Mbona basi nasema marejea ipandwe? Kwa sababu faida yake kubwa kwenye miti ya matunda haiko kwenye ule mfuko. Iko kwenye maji, mizizi, palizi, na udongo unaobaki juu ya mteremko.

Mparachichi ni mti wenye mizizi ya ajabu kidogo. Mizizi yake midogo ya kulishia iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 20 au 30 za kwanza, na haina vinyweleo vingi kama ya mimea mingine. Hupenda kutambaa chini ya majani yanayooza, penye unyevu na hewa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, jua na upepo wa Iringa hukausha tabaka hilo hilo inamoishi. Udongo ukiwa mtupu, mti mdogo hupita miezi hiyo kwa taabu. Ukifunikwa matandazo mazito, unyevu wa mwisho wa mvua hukaa wiki kadhaa zaidi, joto la mchana halipandi sana, na mizizi huendelea na kazi. Ukihitaji kumwagilia, madumu ni machache. Faida hii huwezi kuinunua kwenye mfuko wa yurea.

Ndiyo sababu nimesema usifukie. Jembe likipita karibu na mparachichi linakata ile mizizi ya juu, na kila kidonda ni mlango wa ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kimelea kiitwacho Fitofthora. Ugonjwa huu ndio adui mkubwa wa parachichi duniani. Mti huanza kupauka, majani yanakuwa madogo, ncha za matawi zinakauka, na mkulima anaongeza mbolea akidhani ni njaa. Fyeka marejea kwa nyengo au fyekeo, sogeza majani chini ya mti, tandaza mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia, lakini acha shingo ya mti wazi, kama shubiri moja au mbili kutoka kwenye shina. Matandazo yakigusa shina, gome linaoza na panya wanapata maficho ya kulitafuna. Ni kweli kwamba majani yakioza juu ya ardhi naitrojeni kidogo hupotelea hewani. Ikubali hasara hiyo. Ni ndogo kuliko ya jembe.

Kuhusu ugonjwa huu kuna jambo la kutia moyo kutoka mbali. Huko Queensland, Australia, tangu miaka ya 1970 kuna wakulima wa parachichi waliojaribu kuishi na Fitofthora kwa kupanda fiwi (mmea wa jamii ya kunde, kama marejea) na mahindi kati ya miti, kuyakata na kuyaacha yaoze, wakiongeza samadi ya kuku na chokaa. Udongo uliojaa vitu vinavyooza na kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) ya kutosha huwa na viumbe wadogo wengi mno, na hao humbana yule kimelea. Angalia lakini walichochanganya: majani mengi, samadi, chokaa, tena mwaka baada ya mwaka. Kupanda marejea msimu mmoja hakuponyi shamba lililokwisha kuugua, na penye maji yanayotuama hakuna jani litakalokusaidia mpaka uchimbe mtaro. Nimelitaja kwa sababu fiwi tunayo, mahindi tunayo, na mabua ya mahindi sisi tunayachoma.

Hayo mabua nayataka kwenye shamba lako. Majani ya marejea ni laini, huoza ndani ya wiki chache na kutoa chakula haraka, kisha unabaki na vijiti. Mabua ya mahindi na nyasi kavu huoza taratibu na kufunika ardhi kwa muda mrefu. Yaweke pamoja, marejea chini na mabua juu, ndipo unapata matandazo yanayofika Oktoba.

Tuje kwenye mazingira. Hapa wengi huandika kana kwamba mbolea ya kijani haina dhambi yoyote.

Mteremko wako unashuka kwenye vinyungu. Mvua kubwa za Januari na Februari zikikuta udongo mtupu zinaubeba, na zinabeba pia mbolea uliyoirusha juu. Unaenda kijitoni, na vijito vingi vya Kilolo huishia mto Lukosi, nao unaingia Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Kidatu. Tope lako linasafiri hadi kwenye mitambo ya umeme. Marejea iliyosimama, hata matandazo tu, huvunja nguvu ya matone na kupunguza kasi ya maji. Panda mistari yake ikikata mteremko, isishuke nao. Ukipanda mistari ya kutoka juu kwenda chini, umechimba mifereji mwenyewe.

Kwenye yurea kuna hoja nyingine. Hutengenezwa kwa gesi asilia na nguvu nyingi, na sehemu kubwa tunayoitumia husafirishwa kutoka nje. Mwaka 2022 bei zilipopaa dunia nzima tuliona sote maumivu yake, mpaka serikali ikaleta mbolea ya ruzuku, iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka huo. Kila kilo ya naitrojeni inayotoka hewani shambani kwako inapunguza utegemezi huo. Sawa. Lakini naitrojeni ya majani nayo ikizidi mahitaji ya mti huyeyuka na kushuka na maji kama ile ya mbolea ya dukani. Ukifyeka marejea mbichi mwanzoni mwa mvua kubwa, miti yako midogo haiwezi kuchukua kilo zote zile kwa mkupuo. Nyingine zitaishia kijitoni, na kwenye udongo uliolowa chepechepe nyingine hugeuka gesi inayochangia joto la dunia. Ndiyo maana napendelea ufyeke mwisho wa mvua. Majani yanafunika ardhi wakati wa kiangazi, yanaoza polepole, na mvua za Novemba zinapoanza, mizizi iko tayari kupokea kilichobaki.

Na usitarajie marejea peke yake iufanye udongo wako kuwa mweusi. Majani laini huliwa na viumbe wa udongo yakaisha. Weusi wa kudumu huletwa zaidi na samadi, mabua, na mizizi inayoachwa ardhini kwa miaka.

Ratiba ninayokushauri ni hii. Maharage yapande kama kawaida mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Yanapoanza kubadilika rangi majani, Februari hivi, mwaga marejea au chomeka fiwi katikati ya mistari yake. Usisubiri uvune, maana utapoteza wiki za mvua ambazo hazirudi. Maharage yakitoka, marejea inapata jua na kukimbia. Baridi ya nyanda zetu huichelewesha, lakini kufikia Mei huwa inaanza kuchanua. Fyeka pale kama nusu ya mimea inapokuwa imechanua. Kabla ya hapo majani ni machache. Baada ya hapo mmea unapeleka chakula kwenye mbegu na shina linakuwa gumu. Mvua zikikatika mapema, fyeka hata kama hakuna ua, kwa sababu kuanzia hapo marejea inakunywa maji ya miti yako. Hili ndilo la kweli katika onyo la shemeji yako kuhusu kunyang'anyana.

Kwa njia hii hutapata zile tani 1.2 hadi 1.7. Tegemea nusu yake. Lakini ardhi iliyotoa nusu hiyo ilikuwa imalizie msimu ikiota magugu, na kuyapalilia ungelipa kibarua. Gharama yako inabaki mbegu, kuzimwaga, na siku za kufyeka. Kwa hesabu hiyo marejea inalipa. Kwa hesabu ya kuacha maharage, hailipi.

Kabla ya kufyeka, ng'oa mimea michache na pasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, kazi inafanyika. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au havipo kabisa, umelima majani tu. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu kama wa sehemu nyingi za Kilolo na Mufindi, sababu mara nyingi ni uhaba wa fosforasi na uchachu wenyewe. Pima udongo, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole pale Mbeya na maabara ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro ni sehemu za kuulizia. Ukiambiwa uweke chokaa ya kilimo, weka. Fosforasi inaweza kutoka kwenye Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfeti, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye uchachu. Mbolea ya kijani haiongezi fosforasi wala potasiamu mpya shambani. Inazungusha iliyopo. Na parachichi unazouza huondoka na potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kwa hiyo samadi na majivu ya jikoni yaendelee kwenda kwenye miti. Boroni na zinki nazo marejea haikuletei.

Mbolea ya dukani usiipunguze mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, kama matandazo yameshika na majani ya miti ni ya kijani kizito, ondoa theluthi moja ya yurea, na inayobaki igawe mara tatu au nne ndani ya mvua. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano, rudisha. Kuna faida nyingine ya kutozidisha: Hass iliyolishwa naitrojeni kupita kiasi hutoa matawi mengi badala ya matunda, na matunda yake huharibika upesi njiani. Kwa mzigo unaokaa kwenye kontena wiki kadhaa, hiyo ni hasara inayoonekana mnunuzi anapofungua boksi.

Kwa kuwa nimemtaja mnunuzi: tangu mwaka 2022 soko la China liko wazi kwa parachichi zetu, na Ulaya tunauza siku nyingi. Ukitaka bei ya kilimo hai Ulaya, sheria zao zinataka miaka 3 ya kuacha mbolea na dawa za viwandani kabla ya mavuno ya kwanza yatakayouzwa kwa jina hilo. Wewe peke yako kwa ekari moja gharama za ukaguzi zitakumeza. Kama kuna kikundi chenye nia, miti yako ikiwa bado haijazaa sana ndio wakati mzuri wa kuanza kuhesabu miaka hiyo. Bila kikundi, liache.

Hatari nazo zipo. Ya kwanza Iringa ni moto kichaa. Matandazo makavu ya Septemba, jirani anasafisha shamba kwa kiberiti, upepo unageuka, na miti ya miaka mitatu inaisha mchana mmoja. Lima barabara ya moto ya mita 3 au 4 kuzunguka shamba kabla ya Julai. Mchwa nao hupenda mabua; wakionekana, vuta matandazo mbali zaidi na shina. Na kama sehemu ya chini karibu na vinyungu hupigwa na umande unaoganda mwezi wa Juni na Julai, huko usitandaze mpaka baridi ipite, kwa sababu ardhi iliyofunikwa haitoi joto lake usiku na mti mdogo huungua zaidi.

Mbuzi wasiingie. Baadhi ya aina za marejea zina sumu inayoharibu ini la mifugo, na si rahisi kuzitofautisha kwa macho. Kama unategemea majani ya shambani kwa lishe ya ng'ombe, chagua fiwi, ambayo mnaweza kula pia. Marejea ina sifa yake: huwapunguza minyoo wadogo wa mizizi wanaofanya mafundo, wale wanaosumbua nyanya na maharage. Fiwi huwalea. Kwa hiyo kama maharage yako yana mafundo hayo mizizini, marejea ndiyo chaguo. Upupu usiowasha, nao ni mmea wa mbolea ya kijani, unafunika ardhi kuliko yote, lakini kwenye miti midogo siupendi. Unapanda juu ya mti usiku na mchana, na ukikosa kwenda shambani wiki mbili unakuta mti umefungwa kama mzigo. Utupa, kichaka kingine cha mbolea ya kijani, usiupande upande wa kijito. Wazee waliutumia kuulia samaki, na sumu yake haijapungua.

Miti ikifika mwaka wa sita au wa saba na matawi kukaribiana, maharage yatakataa kivuli na marejea pia. Wakati huo majani ya mparachichi wenyewe yanayodondoka yatatosha kufunika ardhi, usiyafagie. Kama utataka kuongeza, kata alizeti pori zinazoota kando ya barabara na kwenye mipaka, majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi, ulete chini ya miti kabla hazijatoa mbegu.

Msimu huu anza na nusu ya shamba. Nusu ya juu weka marejea baada ya maharage, nusu ya chini fanya ulivyozoea, na chagua miti 10 kila upande uifunge kitambaa. Mwezi wa Oktoba chimba kidogo kwa mkono chini ya matandazo na chini ya ardhi tupu, uone unyevu uko wapi na mizizi myeupe iko wapi, na mwite shemeji naye aone. Andika pia palizi ulizolipa kila upande. Mwisho kabisa, acha mistari miwili ya marejea isifyekwe, iwe mbali na miti, ikomae mpaka maganda yakitikiswa yalie. Mbegu hizo zitakutosha mwaka ujao bila kununua tena.